Wito kwa Manzese: Tuwaachie Vijana Nafasi ya Kutulia

Kijana akikaa kimya peke yake Manzese, dakika tano hazipiti kabla hajaulizwa ana nini. Mama atamuuliza kama anaumwa. Jirani atataka kujua amegombana na nani. Rafiki atamwambia aache mapozi, na mgambo akipita atahoji anamsubiri nani hapo kibarazani. Angekuwa na simu mkononi, asingesumbuliwa hata kama angekesha nayo. Lakini mikono mitupu, macho chini, mdomo umefungwa, huyo tayari ni mtuhumiwa. Ama kavuta bangi, ama ni mvivu, ama ana mashetani yake.

Ndugu zangu wa Midizini, Mferejini, Uzuri, Mvuleni na kata nzima, nawaandikia kwa ajili ya kijana huyo. Ninachoomba hakihitaji bajeti ya Manispaa ya Ubungo wala mfadhili kutoka nje. Naomba tumpe ruhusa ya kutulia, kisha tumtafutie mahali pa kutulia.

Kutulia ninakokusema si kulala wala kuota ndoto za mchana. Ni zoezi. Unakaa kwenye kigoda, ngazi au mkeka, mgongo umenyooka bila kukakamaa kama askari wa gwaride. Macho unayafumba, au unayaacha yaangalie sakafu hatua moja mbele yako. Halafu unaifuata pumzi: inavyoingia puani ikiwa na ubaridi kidogo, inavyoinua tumbo, inavyotoka ikiwa na joto. Basi. Baada ya pumzi tatu au nne akili itakuwa imeshafika Kariakoo. Itakumbuka deni la dukani, maneno ya mwalimu, yule msichana ambaye hakujibu meseji. Ukigundua imeondoka, unairudisha kwenye pumzi bila kujitukana. Itaondoka tena, nawe utairudisha tena. Wengi huachia hapa, wakidhani wameshindwa kwa kuwa akili haikutulia. Kumbe kule kugundua na kurudi ndiko zoezi lenyewe, na aliyerudi mara hamsini amefanya kazi kubwa kuliko aliyesinzia.

Kelele za mtaa hazizuii kazi hii. Mwendokasi likipita Barabara ya Morogoro, unalisikia likija, unalisikia likienda, hulifuati. Spika ya muuza dawa za panya na kunguni, mashine ya kusaga, adhana, kwaya inayofanya mazoezi nyumba ya tatu, vyote vinaruhusiwa kupita. Anayesubiri Manzese inyamaze ndipo aanze, huyo hataanza.

Mwili nao una sehemu yake. Tunapovuta pumzi moyo huongeza mwendo kidogo, na tunapoitoa hupunguza. Ndiyo maana kuvuta kwa kuhesabu hadi nne na kutoa polepole kwa kuhesabu hadi sita humpoza mtu aliyepandwa na jazba. Kuna mshipa mrefu wa fahamu unaoshuka kutoka kwenye ubongo, ukapita shingoni hadi kwenye moyo, mapafu na tumbo, na kwa njia hiyo mwili hupata habari kwamba hatari imepita. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Singeli, muziki uliokulia kwenye vichochoro vyetu na vya Tandale, huweza kukimbia zaidi ya mapigo 200. Sisemi tuache singeli. Ikipigwa jirani, hata miguu yangu haisikii ushauri. Nasema mwili unaokimbia hivyo tangu alfajiri hadi usiku wa manane unahitaji pia kuijua njia ya kurudi chini.

Na kukimbia huko kuna sababu. Wengi wa waliojenga Manzese walitoka mikoani kutafuta kazi ya mjini. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, kilikuwa hapo jirani, na aliyepata zamu alijua mshahara unaingia lini. Mjukuu wake leo ana bodaboda ya mkataba, na hesabu ya bosi haisubiri mvua iishe. Akikosa abiria anabeti buku, anaunganisha mkeka wa timu za nchi ambazo hata majina ya miji yake hawezi kuyatamka. Dada yake anasuka saluni kwa kulipwa kichwa kwa kichwa. Mama yao anabadilisha njia ya kurudi nyumbani siku ya marejesho ya mkopo wa kausha damu. Usiku wote wanakutana kwenye chumba kimoja chenye pazia katikati, na wa kidato cha nne anasomea kitandani kwa tochi ya simu, huku upande wa pili wa pazia watu wanapigiana mahesabu ya kodi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, na kwamba karibu theluthi ya matatizo ya afya ya akili huwa yameshaanza kabla mtu hajafika miaka 14. Kwa wastani huo, kwenye darasa la watoto 70, na madarasa ya namna hiyo hatuyatafuti kwa tochi, hao ni watoto 10. Sisi huwa tunashtuka mtoto akifika miaka 22, ameshavunja vioo vya nyumba na ameshazungushwa kwa waganga. Miaka minane tulimwona, tukasema ana kiburi.

Najua swali litakalotoka msikitini na kanisani, nalo ni swali halali: hii ni dini ya nani? Zoezi hili lina asili ya Ubudha, wala sina sababu ya kuficha. Jiji letu lenyewe lina hekalu la Wabudha pale Upanga, lililoanzishwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Wasinghala waliotoka Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, na uani kwake umesimama mti wa bodhi, ule wanaouheshimu. Watu wa Dar wamepita nje ya ukuta ule miaka na miaka bila kujua ndani kuna nini. Jirani zetu Waganda wana Buddharakkhita, kijana wao aliyekwenda kusoma India mwaka 1990, akakutana na watawa huko, akapewa utawa mwaka 2002 na mwaka 2005 akarudi kuanzisha kituo karibu na Entebbe. Mwenyewe amesimulia jinsi watu walivyomshangaa barabarani kwa mavazi yake: huyu akimdhania Mmasai, yule akimdhania mganga. Nikisoma habari zake nawaona majirani zangu kabisa.

Lakini zoezi hili halikufika hospitalini na shuleni likiwa na mavazi ya mtawa. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, akiwa Chuo Kikuu cha Massachusetts kule Marekani, alianza kulifundisha kwa wagonjwa wenye maumivu yasiyoisha, kwa mafunzo ya wiki nane, bila sala wala sanamu. Kilichobaki ni kukaa, kupumua na kuangalia yanayopita kichwani. Mwislamu analifanya akabaki Mwislamu, Mkristo akabaki Mkristo.

Wala kukaa na nafsi si mila ngeni kwenye mwambao huu. Sheikh Uways wa Barawa, aliyefariki mwaka 1909, aliieneza tarika ya Qadiriya hadi Zanzibar, na zikiri zake za kwenda na pumzi zikaingia bara pamoja na masheikh. Zikiri ni ibada, inamtaja Mwenyezi Mungu. Zoezi hili halimtaji yeyote, na kuyachanganya mambo haya mawili ni kuyakosea heshima yote. Hata hivyo mzee anayebaki na tasbihi baada ya sala ya alfajiri, na bibi anayeishika rozari hadi usingizi umchukue, hawahitaji semina ya kuelezwa kwamba moyo hulelewa kwa kukaa nao. Wazee wangu, tunawahitaji. Vijana hawatawaamini watu wa vipeperushi, watawaamini ninyi waliowaona mkikaa.

Sasa niseme na upande wa pili. Uingereza walilijaribu zoezi hili kwa ukubwa. Utafiti uliotolewa mwaka 2022, wenye wanafunzi zaidi ya 8,000, ulilinganisha shule zilizolifundisha darasani na shule zilizoendelea na vipindi vyake vya kawaida vya malezi. Halikuonekana kuwasaidia vijana zaidi ya vile vipindi vya kawaida. Wengi hawakulifanya wakitoka darasani, na kwa waliokuwa na hali mbaya tangu mwanzo halikuwa dawa. Anayekuja Manzese akiahidi kwamba pumzi itafuta sonona, bangi na umaskini kwa wiki nane, mwonyesheni kituo cha daladala.

Mimi matokeo yale nayasoma hivi: kutulia kwa amri, kwenye ratiba, baada ya kipindi cha hesabu, mtoto hukupokea kama kipindi kingine cha kuvumilia. Kenya walipita njia nyingine. Tom Osborn na wenzake wa taasisi ya Shamiri walitoa mwaka 2021 matokeo ya jaribio lililohusisha wanafunzi 413 wa sekondari. Lilikuwa na vipindi vinne, kimoja kwa wiki, kwa makundi madogo, na viongozi walikuwa vijana waliomaliza sekondari karibuni, si madaktari. Hawakufundisha pumzi, walizungumza kuhusu kukua, kushukuru na yale ambayo mtu anayathamini maishani. Dalili za sonona na wasiwasi zilipungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Zimbabwe nako, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani kuwasikiliza watu wenye mawazo mengi, wakiwa wamekaa nao kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Mwaka 2016 jaribio lake lilionyesha kwamba benchi hilo linasaidia kweli, nalo limeshafika Zanzibar. Mbinu za Kenya na Zimbabwe zinatofautiana na hii yangu, lakini kote mbebaji wa kazi ni mtu wa pale pale, anayefahamika, aliyekaa mahali panapofahamika.

Kwa hiyo wito wangu unaanzia kijiweni, kabla ya shule. Kijiwe cha bodaboda kina kila kitu tunachokitafuta: benchi, kivuli cha mwembe au cha turubai, mwenyekiti, daftari la michango, na watu wanaojuana hadi madeni. Waheshimiwa wenyeviti wa vijiwe vya Argentina, Tip Top na Darajani, jaribuni hivi. Asubuhi kabla abiria wa kwanza hawajamiminika, simu zote ziingie ndani ya kofia moja ngumu ya pikipiki, na mmoja wenu ashike saa. Dakika tano zinatosha kuanzia. Mkizoea mtafika kumi. Asiyetaka anywe kahawa yake pembeni bila kusimangwa. Msiite mtaalamu siku ya kwanza, msipige picha, msifungue grupu la WhatsApp. Na aliyekuwa anaendesha huku anasonya, mwangalieni tu baada ya mwezi. Dereva anayejua kwamba hasira imempanda ana nafasi ya kupunguza mwendo kabla hajalifuata lori lililomchomekea. Asiyejua, tunamfuata Muhimbili na ndala mkononi.

Msichana hawezi kukaa kijiweni, na hapa naomba tusimame kidogo. Binti wa Manzese ndiye anayekatizwa kuliko wote. Akiketi anatumwa maji, akirudi anatumwa mkaa, akimaliza kuosha vyombo mdogo wake anahitaji kuogeshwa. Akitoka nje kutafuta upepo anapigiwa miluzi. Yeye anahitaji chumba chenye mlango, mwanamke mzima anayemheshimu pale mlangoni, na ahadi ya mama yake kwamba kwa nusu saa hatatumwa. Saluni nyingi zetu hufungua saa tatu asubuhi. Saa mbili na nusu viti vyake ni vitupu na pazia limeshushwa. Madrasa ina mikeka. Parokia na usharika zina kumbi ambazo siku za kazi hulala zimefungwa kwa kufuli. Ofisi ya serikali ya mtaa ikishafungwa jioni inabaki na meza, viti vya plastiki na picha ya Rais ukutani. Wenye funguo mnajijua. Siombi ufunguo ugawiwe ovyo, naomba mkae na akina mama wa mtaa mpange siku moja ya juma na msimamizi mmoja wa kike.

Walimu wangu, kwenu nina ombi dogo tu. Dakika mbili kabla ya mtihani wa majaribio, na tena kabla ya ule wa taifa, waacheni wapumue pamoja, kalamu zikiwa chini. Isiwe adhabu. Mtoto aliyewahi kuambiwa "kaa kimya, fumba macho" kwa sababu alipiga kelele, hatayafumba kwa hiari tena.

Na wasanii wetu. Kundi la Tip Top Connection lilibeba jina la kituo chetu hadi kwenye redio za nchi nzima, na Madee akajiita Rais wa Manzese bila kupigiwa kura hata moja, tukampokea. Waliotoka hapa wakisema kwenye jukwaa kwamba nao huzima simu na kukaa, neno lao litafika mahali ambapo makala hii haitafika.

Yapo mambo ya kuangalia, na nawasihi msiyapuuze. Kijana aliyepigwa, aliyebakwa au aliyeona mtu akichomwa moto na wananchi wenye hasira anaweza kufumba macho na picha zote zikarudi. Mwacheni afumbue, asimame, atembee, atoke nje akitaka. Hakuna sifa ya kuvumilia hapa. Akisema hataki tena kuishi, akisikia sauti zisizokuwepo, au akikaa siku kadhaa bila usingizi, huyo si wa kupumua kwenye benchi. Mpelekeni hospitali ya Palestina pale Sinza au Mwananyamala mkaelekezwe. Muhimbili ina idara nzima ya magonjwa ya akili. Kwa mtoto, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, haina gharama. Na aliyelala na njaa apewe uji kwanza.

Kuna jingine linanikera kabla halijatokea. Nawaona kwa mbali mabosi watakaolipenda zoezi hili kwa sababu mbaya: dereva akidai mkataba wa maandishi, aambiwe akapumue, msusi akidai chake, aambiwe atulie. Kutulia hakumnyamazishi mwenye haki. Aliyetulia hudai vizuri zaidi, anakumbuka tarehe, anasoma karatasi kabla ya kusaini, na hatupi kiti. Kijana akiwa hivyo, kausha damu watampata kwa shida.

Gharama ya haya yote ni ndogo mno, na pengine ndiyo maana hakuna aliyekuja kuyazindua kwa utepe. Tunachotoa ni mahali, dakika chache na ulimi wetu, ule unaowaita watoto wa watu wavuta bangi kwa sababu wamenyamaza. Mjumbe aliyezoea kuitwa kwenye ugomvi anaweza safari hii kuitwa kwenye kikao cha kupanga nani atashika ufunguo siku ya Jumamosi. Ukiwa na benchi, liweke kivulini. Ukiwa na chumba, sema. Ukiwa kijana na umeshaanza kimyakimya, mchukue mwenzako mmoja, usianze na kumi.

Nawe mzazi uliyesoma mpaka hapa, leo jioni mwanao akiketi pembeni kimya dakika kumi, usimtume dukani. Chumvi nenda ukanunue mwenyewe.